Majina ya faili na folda za tovuti: mwongozo kamili, kuanzia folda tupu hadi kwenye seva

Tovuti inafunguka vizuri kwenye laptopu. Ikishapakiwa kwenye seva, mteja anaifungua kwa simu akiwa ndani ya matatu na kukuta visanduku vitupu mahali pa picha. Msimbo haujabadilika hata herufi moja. Mara nyingi kosa liko kwenye jina: laptopu ilikubali `Kiti.JPG` iitwe `kiti.jpg`, na seva imekataa.

Windows na macOS, zikiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Linux hutofautisha, na seva nyingi za kuhosti tovuti zinatumia Linux. Huko, `Kiti.jpg`, `kiti.jpg` na `kiti.JPG` ni faili tatu zinazoweza kukaa katika folda moja bila kugombana. Ukiita moja na iliyopo ni nyingine, seva inajibu 404, yaani hakuna kitu hapo.

Mfano wetu utakuwa tovuti ya karakana ya samani kando ya Ngong Road: kurasa tano, picha kama 60, na mwenye karakana anayetuma kila kitu kwa WhatsApp.

Washa viendelezi kwanza

Windows huficha kiendelezi, yaani sehemu ya mwisho ya jina, ile `.html` au `.jpg`. Ukihifadhi ukurasa kwa Notepad unaweza kupata `index.html.txt` ambayo kwenye dirisha inaonekana kama `index.html`, kisha ukae saa nzima ukijiuliza kwa nini kivinjari kinaonyesha msimbo badala ya ukurasa. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bonyeza View, kisha Show, halafu weka alama kwenye File name extensions. Kwenye Mac, fungua Finder, nenda Settings, kisha Advanced, na uchague Show all filename extensions. Usianze kazi kabla ya hili.

Tenga kinachokwenda kwenye seva na kisichokwenda

Tengeneza folda moja ya mradi, na ndani yake tatu:

```
karakana/
  asili/
  maandishi/
  tovuti/
```

`asili` ni ya picha kama zilivyotoka kwa mteja, bila kuguswa. `maandishi` ni ya bei, maelezo ya bidhaa, ankara na makubaliano. `tovuti` ndiyo pekee inayopakiwa. Faida ya mpango huu utaiona siku ya kupakia: kila kilichomo ndani ya `tovuti` kinakwenda, na kisichomo hakiendi. Ankara ya mteja haitajikuta mtandaoni kwa bahati mbaya.

Ndani ya `tovuti` weka hivi:

```
tovuti/
  index.html
  bidhaa.html
  huduma.html
  kuhusu.html
  mawasiliano.html
  css/
    mtindo.css
  js/
    menyu.js
  picha/
    nembo/
    bidhaa/
    karakana/
```

`index.html` hakuna ruhusa ya kuibadilisha jina. Mtu akiandika anwani ya tovuti bila jina la ukurasa, seva hutafuta faili hiyo katika folda kuu. Ukiita `nyumbani.html` au `Index.html`, atapata orodha ya faili zako au kosa la 403, yaani hana ruhusa ya kuona. `css` (faili za mwonekano) na `js` (faili za vitendo vya ukurasa) ziache hivyo hivyo, kwa sababu fundi yeyote atakayerithi kazi hii anazijua. Mengine yaite kwa Kiswahili kama tovuti ni ya Kiswahili. Usichanganye `contact.html` na `huduma.html` katika tovuti moja: baada ya miezi mitatu hutakumbuka kama ukurasa ni `about.html` au `kuhusu.html`.

Usichimbe folda ndani ya folda kupita kiasi. `picha/bidhaa/viti/ofisi/2025/vyeusi/` inapendeza ukiipanga, lakini kila kiungo kinakuwa kirefu na kila kosa la herufi linapata mahali pa kujificha. Kwa picha 60, ngazi mbili zinatosha. Ukifika picha 300, gawa folda ya `bidhaa`.

Herufi zinazoruhusiwa

Tumia herufi ndogo a hadi z, tarakimu 0 hadi 9, kistari `-` kati ya maneno, na nukta moja kabla ya kiendelezi. Hivyo tu. Mengine yote yana madhara yake.

Nafasi kati ya maneno hugeuka `%20` kwenye anwani. `meza ya kahawa.jpg` inakuwa `meza%20ya%20kahawa.jpg`, na mtu akibandika kiungo hicho kwenye ujumbe, mara nyingine kinakatika kwenye nafasi ya kwanza. Alama ya `#` ni mbaya zaidi: kivinjari huona kila kilicho baada yake kama sehemu ya ndani ya ukurasa na hakikipeleki kwa seva, hivyo `kiti#2.jpg` inatafutwa kama `kiti`. Alama ya `?` huanzisha maswali kwa seva. `%` hutangaza kwamba herufi zinazofuata zimefichwa kwa namba. Mabano na `&` yanaweza kufanya kazi leo na kukusumbua kesho ukitumia programu nyingine.

Mstari wa chini `_` hauvunji kitu. Lakini Google wenyewe wanashauri kistari katika anwani, na kiungo kikipigiwa mstari chini, `_` humezwa na mtu husoma nafasi tupu. Chagua kistari na usibadilishe.

Kiswahili nacho kina mitego yake ambayo miongozo mingi haiigusi.

Wa kwanza ni ritifaa ya ng'. Karakana ina tawi Lang'ata, nawe unaandika `lang'ata.html`. Simu nyingine huweka ritifaa iliyopinda, kibodi ya kompyuta huweka iliyonyooka. Kwa macho ni moja, kwa seva ni herufi mbili tofauti. Na ukiandika kiungo kwa alama moja ya kunukuu, `href='lang'ata.html'`, kivinjari kinasoma `lang` na kusimama hapo. Andika `langata.html`. Ndani ya ukurasa, kwenye kichwa na maelezo, weka Lang'ata kamili, kwani huko ritifaa haina shida. Ndivyo pia kwa majina ya Kikuyu na Kikamba yenye ĩ na ũ: herufi `ũ` kwenye anwani hugeuka `%C5%A9`. Faili iwe `mukimo.html`, kichwa kisome Mũkimo.

Wa pili ni wingi. Kompyuta hupanga majina kwa alfabeti. Ukiita faili moja `kiti-ofisi.jpg` na nyingine `viti-kulia.jpg`, ya kwanza inakaa kwenye K na ya pili inakimbilia V, zikitenganishwa na meza, rafu na sofa. `kabati` na `makabati`, `kitanda` na `vitanda`, hadithi ni ile ile. Chagua umoja siku zote, hata picha ikiwa na viti sita: `kiti-kulia-seti-6.jpg`.

Wa tatu unakupendelea. Kiswahili hutanguliza nomino, sifa ikafuata, kwa hiyo majina hujipanga makundi yenyewe: `kiti-baa`, `kiti-kulia`, `kiti-ofisi`, kisha `meza-kahawa`, `meza-ofisi`. Ondoa viunganishi vya -a. `kiti-cha-ofisi-cha-ngozi` haikuambii zaidi ya `kiti-ofisi-ngozi`, na `cha`, `ya` na `la` ndizo zinazosahauliwa unapoandika kiungo kwa kichwa.

Namba na tarehe

Weka sifuri mbele: `01`, `02`, hadi `10`. Ukiandika `1`, `2`, `10`, programu nyingi na orodha za seva zitapanga 1, 10, 2. Kama picha za bidhaa moja zinaweza kuzidi 99, anza na `001`.

Tarehe ianze na mwaka: `2025-03-14`. Ukianza na siku, faili za tarehe 14 za miezi yote zinakaa pamoja na mpangilio unapoteza maana. Ila usiweke tarehe kwenye jina la ukurasa ambao utaendelea kutumika. `bei-2024.html` itakulazimisha kubadilisha anwani mwaka ukigeuka, `bei.html` haitakulazimisha.

Picha kutoka WhatsApp

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tuende polepole.

Kwanza, mwombe mteja atume picha kama hati badala ya picha ya kawaida. WhatsApp hubana picha za kawaida, na ubora uliopotea haurudi. Zile atakazotuma kama picha za kawaida zitafika zikiwa na majina kama `IMG-20250314-WA0007.jpg`, au, zikipakuliwa kwenye kompyuta, jina refu lenye maneno WhatsApp Image, tarehe na saa, lote likiwa na nafasi katikati. Zote zitie ndani ya `asili` kama zilivyo. Usibadilishe jina humo: mteja akisema "ile picha niliyotuma Ijumaa", jina la asili ndilo litakaloipata.

Pili, nakili zile utakazotumia tu. Kati ya picha 60, labda 35 ndizo nzuri.

Tatu, zipunguze. Picha ya simu inaweza kuwa MB 4. Picha 35 za namna hiyo ni MB 140, na anayefungua tovuti kwa bando la siku hatakusamehe. Upana wa pikseli 1600 unatosha picha kubwa ya ukurasa, na 800 inatosha ya orodha. Kama unatunza saizi mbili, iseme mwishoni mwa jina: `kiti-ofisi-01-1600.jpg` na `kiti-ofisi-01-800.jpg`.

Nne, zipe majina. Ukichagua picha nyingi kwenye Windows, ukabonyeza F2 na kuandika `kiti-ofisi`, utapata `kiti-ofisi (1).jpg`, `kiti-ofisi (2).jpg`: nafasi na mabano, vyote tulivyovikimbia, na bila sifuri mbele. Tumia PowerRename, iliyo ndani ya PowerToys, programu ya bure ya Microsoft. Kwenye Mac chagua picha zote, bofya kitufe cha kulia, chagua Rename, kisha aina ya Format.

Tano, tazama kiendelezi. Kamera nyingine huandika `.JPG`, WhatsApp kwenye kompyuta huandika `.jpeg`. Yote mawili ni aina ile ile ya picha, lakini kwa seva ni majina tofauti. Yafanye yote `.jpg`. Angalizo: hili linawezekana kwa sababu `.jpeg` na `.jpg` ni kitu kimoja. Kubadilisha `.png` kuwa `.jpg` kwa kuandika tu hakugeuzi picha. Kwa hilo unahitaji programu ya picha.

Njia kutoka faili moja hadi nyingine

Katika `index.html`, picha inaitwa hivi:

```
<img src="picha/bidhaa/kiti-ofisi-01-800.jpg" alt="Kiti cha ofisi cha ngozi nyeusi">
```

Mkwaju ni `/` daima. Windows hutumia `\` kwenye njia zake, na ukinakili njia kutoka File Explorer utaibeba. Ukiona `C:` au `file:///` popote ndani ya msimbo, futa: hiyo ni njia ya laptopu yako, na hakuna seva inayoijua.

Ndani ya `css/mtindo.css` mambo hubadilika. Njia huhesabiwa kutoka pale ilipo faili ya CSS, hata kama ukurasa unaoitumia uko kwingine. Picha ya mandharinyuma lazima ipande ngazi moja kwanza:

```
background-image: url("../picha/karakana/mlango-01-1600.jpg");
```

Ukisahau `../`, kivinjari kitatafuta `css/picha/karakana/`, folda isiyokuwepo.

Njia inayoanza na mkwaju, `/picha/nembo/nembo.svg`, huhesabiwa kutoka folda kuu ya tovuti, na ni nzuri kwa nembo na menyu zinazojirudia kila ukurasa. Tatizo ni kwamba ukifungua ukurasa kwa kubofya faili mara mbili, folda kuu inakuwa diski nzima na nembo inapotea. Endesha seva ndogo inayokuja na Python, lugha ya programu: fungua dirisha la amri ndani ya `tovuti`, andika `python3 -m http.server 8000`, kisha nenda `http://localhost:8000`. Kwenye Windows amri kwa kawaida ni `python` bila 3.

Ukaguzi kabla ya kupakia

Seva hiyo ndogo haitakamata kosa la herufi kubwa ikiwa inaendeshwa kwenye Windows au Mac. Bado inasoma diski ile ile isiyobagua. Kwa hiyo tafuta majina mabaya moja kwa moja. Kwenye Mac au Linux, ukiwa ndani ya `tovuti`:

```
LC_ALL=C find . -name '*[!a-z0-9.-]*'
```

Kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows:

```
Get-ChildItem -Recurse | Where-Object Name -cmatch '[^a-z0-9.-]'
```

Amri hizi zinaorodhesha kila faili au folda yenye herufi kubwa, nafasi, mabano, ritifaa au `_`. Zisipoonyesha kitu, majina ni safi.

Lakini hiyo ni nusu ya kazi. Faili inaweza kuwa `kiti.jpg` safi huku msimbo ukisema `Kiti.jpg`. Kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo, bonyeza Ctrl+Shift+F, washa alama za kutofautisha herufi kubwa na ya mifumo ya utafutaji, `Aa` na `.*`, kisha tafuta:

```
(src|href)="[^"]*[A-Z ]
```

Utapata viungo vya `src` na `href` vyenye herufi kubwa au nafasi. Viungo vya tovuti za nje vitajitokeza pia; viache.

Kupakia

Fungua folda ya `tovuti`, chagua vyote vilivyomo, ndipo ubane kuwa zip. Wengi hubana folda yenyewe. Wakiifungua zip ndani ya `public_html`, folda kuu ya tovuti kwenye cPanel (paneli ya kusimamia seva), wanapata `public_html/tovuti/index.html`, na mteja akiandika anwani yake anaona "Index of /" au 403. Ikishatokea, hamisha vilivyomo ngazi moja juu, futa folda iliyobaki tupu.

Zip iliyotengenezwa kwenye Mac huja na folda ya `__MACOSX` na faili za `.DS_Store`. Zifute. Folda ya `.well-known` ukiikuta kwenye seva, usiiguse: hutumika kuthibitisha cheti cha usalama cha tovuti.

Faili zinazoanza na nukta, kama `.htaccess` (faili ya maagizo kwa seva), hufichwa. Kwenye Mac, "chagua zote" haizichukui hadi ubonyeze Cmd+Shift+nukta ili zionekane. Kwenye cPanel, nenda Settings ndani ya File Manager na uchague Show Hidden Files.

Ruhusa za faili, yaani nani anaweza kusoma au kuandika, ziwe 644, za folda 755. Mtu akikushauri uweke 777 ili kosa liondoke, huenda likaondoka kweli, na umefungua folda iandikwe na programu yoyote kwenye seva hiyo.

Kisha fungua tovuti, bonyeza F12, nenda Network, pakia ukurasa upya, na tazama mistari yenye 404. Jina utakaloliona pale ndilo kivinjari kilichoomba. Lilinganishe herufi kwa herufi na lililopo kwenye seva. Fanya hivyo kwa kurasa zote tano.

Ukilazimika kubadilisha jina baadaye

Picha inabadilishwa jina kwa kurekebisha msimbo tu. Ukurasa ni shughuli nyingine: kiungo chake kimeshatumwa kwenye vikundi vya WhatsApp, kimechapishwa kwenye kadi za biashara kule River Road, na Google wanacho. Kama `viti.html` lazima iwe `kiti.html`, pakia mpya, rekebisha viungo vyote, futa ya zamani, kisha ongeza mstari huu kwenye `.htaccess`:

```
Redirect 301 /viti.html /kiti.html
```

Mstari huo hufanya kazi kwenye programu za seva za Apache na LiteSpeed. Nginx haisomi `.htaccess`, huko mpangilio huwekwa na msimamizi wa seva.

Ukitumia Git, programu ya kutunza historia ya faili, kwenye Windows au Mac, kubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo peke yake kunaweza kupita bila Git kuona. Pitia jina la muda:

```
git mv Kiti.jpg kiti-muda.jpg
git mv kiti-muda.jpg kiti.jpg
```

CSS nayo ina lake. Umebadilisha rangi, umepakia, na simu ya mteja bado inaonyesha ya zamani kwa sababu kivinjari kilitunza nakala. Kwenye kila ukurasa andika `css/mtindo.css?v=2`, na uongeze namba kila mara. Faili yenyewe inabaki `mtindo.css`.

Nakala

`index-mpya.html`, `index-mpya2.html`, `index-ya-mwisho-kabisa.html`: zikifika tatu, hakuna anayejua ipi iko hewani. Ukiweza, tumia Git. Usipoweza, kila jioni ya siku uliyofanya kazi bana folda nzima ya mradi kwa jina `karakana-2025-03-14.zip`, weka moja kwenye flashi na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa maana stima ikipotea katikati ya kuhifadhi, faili iliyo wazi inaweza kuharibika.

Nakala hizi zisikae ndani ya `public_html`. `nakala.zip` ikiwa humo, yeyote atakayekisia jina anaweza kuipakua. Hatari zaidi ni `config.php.bak`: seva huendesha faili ya `.php` na kuficha yaliyomo, lakini kwa kawaida `.bak` huitoa kama maandishi, pamoja na neno la siri la hifadhidata. Ukikuta moja kwenye seva, ifute na ubadilishe neno hilo la siri siku hiyo hiyo.